Re: Mabomba yanapasuka usiku, tununue mazito?

Ndugu yangu wa Kabare, umeuliza kwa nini bomba lenu la PN 6 (yaani la kuvumilia presha ya bar 6) hupasuka usiku karibu na shule, wakati chemchemi iko mita 85 juu, na kama mbadilishe lote. Tafadhali msitumie kwanza michango ya akina mama.

Usiku robine zote zimefungwa, maji yamesimama, na uzito wote wa maji toka mlimani unakaa chini. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya karibu bar 1. Nyinyi mna 8.5, bomba lenu linavumilia 6. Nililiona la namna hiyo Walungu: lilichanika kwa urefu kama ganda la haragwe, matope yamejaa ndani. Hayo matope ndiyo yanayoniumiza, kwa sababu watoto wanayanywa asubuhi.

Jengeni tangi dogo katikati, kama mita 42 chini ya chemchemi. Maji yakifika humo yanakutana na hewa, presha inarudi sifuri, inaanza upya kuelekea shule. Mlango wake uwe na vali ya boya, inayofunga maji tangi likijaa, la sivyo litafurika usiku kucha. Fundi alikague kabla ya kumwaga zege.

Halafu pimeni chemchemi mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kikali. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 50, mna lita 34,560 kwa siku, zinazotosha watu 1,700 wa lita 20 kila mmoja. Na ng'ombe wasikanyage juu ya chemchemi, zungusheni uzio hata wa miti kwenye salongo (kazi ya pamoja ya kijiji) ijayo.