Wapelekeni Watoto Soko la Vikorokoro

Msomaji mmoja ameniandikia akilalamika kwamba familia yake ikitoka matembezi, kila mtu anainamia simu, na wakirudi nyumbani hawana la kusimuliana. Dada, nakuelewa. Sisi tulipata dawa kwenye soko la vikorokoro, pale vitu vilivyotumika vinapomwagwa juu ya turubai, taipureta ikilala na vijiko, kamera za filamu zikichanganyika na vitasa vilivyopotelewa na funguo.

Jumamosi iliyopita tulikwenda na mama mkwe wangu. Tangu afiwe na mumewe amekuwa mtu wa maneno machache. Alipoiona cherehani ya mkono, Singer nyeusi yenye nakshi za dhahabu zilizofifia, alivuta kigoda akaketi, akaanza kuzungusha mpini. Binti yangu akachuchumaa kando yake. "Bibi, uzi unapita wapi?" Akaonyeshwa tundu baada ya tundu, na katikati ya maelezo hayo ikatoka habari ya jinsi bibi alivyojifunza kushona usiku kwa siri, kwa cherehani ya shangazi yake, kwa sababu mchana alikatazwa kuigusa. Mume wangu, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kuisikia. Nilijawa na fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Kijana wetu naye alikuwa ameshaitafuta namba iliyogongwa kwenye chuma. Tangu 1900 Singer walianza kutanguliza herufi moja kwenye namba zao: G ni ya kiwanda cha Elizabeth, New Jersey, F ni ya Clydebank kule Uskoti. Hiyo ilikuwa F. Kiwanda cha Clydebank kilifungwa 1980, lakini mashine yenyewe bado inazunguka bila kukwama.

Kuna ndugu aliyewahi kutuambia, mbele ya watoto, kwamba tunawazoesha jalalani. Maneno yale yalinichoma na hayajanitoka moyoni. Binti huyo huyo aliyesemewa hivyo anajua kwamba sahani nzito za santuri, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, ndiyo maana zikianguka zinavunjika vipande, na kwamba upande mmoja ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Anajua kwamba zile pana za mizunguko 33 zilitoka 1948 na zile ndogo za 45 mwaka uliofuata. Ukimpa sahani, anaitambua kwa kuishika tu. Hayo hakuyasoma darasani.

Basi fanyeni hivi. Msiende na orodha ya kununua. Kila mmoja achague kitu kimoja asichokijua, akishike, akisie kilikuwa cha kazi gani, halafu amsalimu muuzaji na kumuuliza. Simu zibaki mfukoni mpaka wote wamekisia. Nasisitiza: kushika kwanza, kukisia, ndipo kuuliza. Na mkiwa na mzee, msimharakishe! Wazazi wenzangu, tunalalamika kwamba watoto hawataki kuwasikiliza wazee, ilhali ni sisi tunaowakatiza wazee kwa sababu tuna haraka ya kurudi nyumbani. Mwacheni akae anapotaka kukaa. Mwacheni arudie anachotaka kurudia.

Yapo ya kujihadhari nayo. Saa nyingi za zamani zenye namba za kung'aa gizani zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi yenye madhara mwilini. Hata kama mng'ao umekufa, radiamu ingali pale, kwani huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu, kwa hiyo mtoto asifungue kioo chake. Vitu vya kuchezea vya zamani huenda vina rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, visiingie mdomoni. Na ukiambiwa kidani ni cha pembe ya ndovu, kirudishe mezani. Nchi za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo kwa uamuzi wa 1989.

Mtoto asiyejua kusoma bado, mpe sumaku ndogo. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo ikinasa kwenye kinara kinachouzwa kama shaba tupu, ndani mna chuma. Kitinda mimba wetu anapita nayo meza kwa meza, na siku hizi wauzaji wenyewe humwita awapimie.