Nimepata nafasi chuo kidogo, nisubiri Makerere?

Mdogo wangu, umesema una PCB, umeitwa kusomea digrii ya biolojia kwenye chuo kidogo huku mashariki mwa Uganda, na mjomba wako anataka usubiri mwaka mmoja ujaribu Makerere kwa sababu "huko kichakani hakuna nafasi". Mimi nilisoma chuo cha aina hiyo hiyo, upande wa Tororo. Usisubiri. Ila usiende ukidhani nafasi zitakufuata hosteli.

Darasani tulikuwa 31. Rafiki yangu wa kidato cha sita alikwenda chuo kikubwa Kampala, na siku za praktiko alikuwa akinyoosha shingo nyuma ya wenzake. Sisi tulikuwa wawili kwa hadubini moja. Yetu ilikuwa na ukungu kwenye lenzi, sikatai, lakini niliishika mwenyewe.

Mtu wa kumzoea mapema ni fundi wa maabara, hata kabla ya mhadhiri. Wetu alikuwa mzee mkali, haongei. Nilianza kwa kumsaidia kuosha vyombo vya kioo Ijumaa jioni, wenzangu wakikimbilia mpira. Mwaka wa pili akawa ananiachia nichanganye dawa za praktiko. Nilikuwa nimetuma barua nane za kuomba atachimenti, yaani mafunzo kazini, kimya. Akanitazama akasema, "Barua hazijibiwi. Panda gari uende." Nikaenda Namulonge, kwenye kituo cha utafiti wa mazao cha NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, nikakaa benchi tangu asubuhi. Saa nane mchana watu wa mihogo wakanipokea.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu nzi weupe, wadudu wanaosambaza magonjwa ya mihogo. Unakatiza shamba kona hadi kona, mimea 30, kila mmoja unageuza taratibu majani matano ya juu na kuhesabu kabla hawajaruka. Kisha unaupa mmea alama, 1 hadi 5, ya ugonjwa wa batobato, halafu nyingine ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia. 1 maana yake hauna dalili. Siku ya tatu nilikuwa naandika 2 penye 3, msimamizi akanirudisha shamba zima, jua la saa saba.

Hilo shamba ndilo lililoniokoa mwaka wa mwisho. Majani ya mihogo ya mradi wangu niliyaweka kwenye friza, umeme ukakatika Ijumaa ukarudi Jumapili usiku. Yakawa uji. Nililia, kisha nikakumbuka kwamba Namulonge walikuwa wakiyakausha kwa kuyabana katikati ya magazeti. Nikaomba magazeti ya zamani ya Bukedde kwa muuza rolex, zile chapati za mayai, wa getini, nikarudi kwa wakulima kuchuma upya. Yalipopimwa yalitoa majibu safi.

Maisha? Muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, posho (ugali) na maharage, na mji unalala saa tatu usiku. Siasa za gildi, serikali ya wanafunzi, ziache. Zilinila muhula mzima na kura zenyewe nilishindwa.

Pesa sasa. Kama wewe ni raia wa Uganda, mpango wa serikali wa mikopo ya elimu ya juu, uliowekwa kwa sheria ya 2014, unakopesha wa sayansi karo. Chumba na chakula ni juu yako, kwa hiyo mjomba bado utamhitaji, usigombane naye. Na kama unawaza ualimu kwa ajili ya zile shilingi 4,000,000 za mwezi ambazo mwalimu wa sayansi mwenye digrii analipwa serikalini tangu 2022, soma barua yako vizuri: digrii tupu ya biolojia haikufanyi mwalimu, itabidi uongeze diploma ya ualimu baadaye.

Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kozi yenyewe, si chuo tu, ina kibali ambacho bado hakijaisha muda cha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Orodha iko kwenye tovuti yao. Ukikuta kibali kimekwisha muda, rudi hapa tuzungumze upya.