Jikoni bila ngano wala maziwa: maswali yenu na majibu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, mtu kaambiwa aache ngano na maziwa, hela ya kununua vile vipakti vya kutoka nje hana, sasa ale nini. Nimechukua chache ambazo naona zitasaidia wengi.

*Shikamoo mama. Mwanangu wa kike ana miaka 6, kasumbuliwa na tumbo muda mrefu, mara kuharisha mara tumbo linajaa, na kilo haziongezeki, sisi tukawa tunampa dawa za minyoo tu. Hospitali wamempima wakasema ana siliaki, ugonjwa wa utumbo kudhurika na ngano, asile kabisa vitu vya ngano, na maziwa pia tusimame nayo kwa sasa. Nikaenda supamaketi kuulizia unga usio na gluteni, nikaonyeshwa pakti ndogo ambayo kwa bei ile napata mchele wa wiki nzima. Mimi nauza genge, baba yake ni bodaboda. Nitamlisha nini huyu mtoto?*
*Mama, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na pole sana, najua umehangaika. Ile pakti ya supamaketi iache hapohapo ilipo, huihitaji. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka moja inaitwa rai ambayo huku kwetu wala hailimwi, basi. Mahindi hayana, mchele hauna, mtama, ulezi, uwele, muhogo, magimbi, viazi vya aina zote, ndizi, maharage, kunde, choroko, dengu, karanga, nazi, mayai, nyama, samaki, mboga za majani, vyote havina. We mwenyewe unauza genge, yaani nusu ya chakula cha mtoto wako kiko kwenye meza yako. Ugali na dagaa, wali na maharage ya nazi, ndizi na nyama, viazi vitamu vya kuchemsha asubuhi na chai ya rangi yenye tangawizi, hicho ndo chakula cha siliaki na ndo chakula tulichokulia.

Shida iko kwenye vitafunwa, manake mtoto anaona wenzake na chapati na maandazi na yeye anataka. Hapo mpikie vitumbua. Loweka mchele vikombe 2 usiku, asubuhi mwaga maji, saga kwenye blenda pamoja na tui zito la nazi kikombe kimoja na kidogo, sukari robo kikombe, iliki na hamira kijiko kimoja cha chai, saga mpaka ukishika katikati ya vidole usisikie chenga, acha uumuke mpaka uone mapovu juu kisha choma kwenye karai lake na mafuta kidogo. Kama huna blenda peleka kwa jirani, ila ioshwe kwanza vizuri. Mchanganyiko huohuo ukiongeza ute wa yai na kuumwaga kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, moto chini na juu, unapata mkate wa kumimina wa kufunga kwenda nao shule.

Na chapati pia inawezekana jamani, watu hawajui tu. Chemsha maji vikombe 2 na chumvi na kijiko cha mafuta, yakitokota mimina unga wa mchele vikombe 2, koroga haraka, zima moto, funika dakika 10. Yale maji ya moto ndo yanafanya unga ushikane, manake mchele hauna ule mvuto wa ngano, ukitumia maji ya baridi utakanda mpaka jioni na utapasuka tu. Kanda ungali wa moto kiasi cha mkono kuvumilia, fanya madonge madogo, sukuma katikati ya mifuko miwili ya nailoni safi, choma kwenye kikaango kikavu halafu pakaza mafuta. Iliwe ileile siku, ikilala inakuwa ngumu.

Sasa maziwa. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula, na kwa mtu mwenye siliaki gluteni inafanya mwili wenyewe uvishambulie mpaka vinalala. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, ile laktozi, kinakaa kwenye ncha za hivyo vinyweleo, kwaiyo vikiharibika na maziwa yanakataa, tumbo linajaa gesi na kuharisha. Ndo maana wamekuambia kwa sasa. Utumbo ukishapona, wengi wanarudi kwenye maziwa taratibu, ila usimrudishie kwa kujaribu mwenyewe, uliza pale kliniki. Ngano ndo haina kurudi, hiyo ni maisha yote, na hata kipande cha andazi cha kumbembeleza asilie kinamuumiza ndani hata kama nje huoni kitu, kwaiyo waambie na bibi na shangazi zake mapema.

Kwa kuwa maziwa hanywi, nguvu ya mifupa itoke kwingine. Dagaa wanaoliwa wazima na miba yao, ulezi ambao una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu kwa kila gramu 100 za unga, ufuta usiokobolewa, na mboga za majani kila siku. Dagaa waoshe mchanga kwa maji ya moto, wakaange kidogo, upike na nyanya na tui au karanga ya kusaga, mtoto atakula. Na mwambie daktari amwangalie damu pia, watoto wenye siliaki wengi wao damu inakuwa imepungua.

*Dada habari, mimi ni mtu mzima nina siliaki, nafuata masharti yote, sili mkate, sili chapati, asubuhi uji wa lishe, mchana ugali wa mtama, lakini tumbo bado linanisumbua. Nakosea wapi?*
*Msomaji, Morogoro*

Wala sidhani kama unakosea wewe, mi nashuku huo uji na mashine ya kusaga.

Unga wa lishe kila mtu anachanganya anavyojua, mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, na wengi wanatia na ngano humohumo, saa nyingine lebo imeandikwa tu "nafaka mchanganyiko" na unga wa kupimiwa sokoni hauna hata lebo. Acha kununua uliochanganywa. Nunua ulezi wako mzima, soya yako, karanga zako, chambua mwenyewe kwenye ungo manake punje za ngano zinaingia huko sokoni magunia yakikaa jirani, osha, anika, soya na karanga kaanga kwanza, soya mbichi tumbo haliipendi hata la mzima.

Halafu mashine. Ile mashine ya mtaani inasaga mahindi ya huyu, mtama wa yule, na akija mtu na ngano yake ya kienyeji inasagwa mlemle, hakuna anayeosha, unga wa ngano unabaki kwenye mawe na kwenye ule mfuko wa kutokea. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo nzima, sasa fikiria hiyo ni kiasi gani, ni vumbi tu. Ongea na mwenye mashine, mweleze ni ugonjwa, wengi ni waelewa ukiwaambia ukweli, muulize siku ambazo hasagi ngano, nenda baada ya watu wa mahindi wengi kupita, na kilo ya kwanza itakayotoka wape kuku usile wewe. Ukiweza kukusanyika na ndugu wawili watatu wenye shida hiyo mkasaga gunia kwa pamoja ni nafuu zaidi. Na kinu na mchi havijafa, mchele uliolowekwa ukachujwa unapondeka vizuri sana, unachekecha, unaanika kidogo, unga safi bila gharama ya mtu.

Angalia na nyumbani. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi usikaangie muhogo wako, kibao cha kusukumia chapati usikitumie, mwiko wa mbao ukae wa kwako. Sosi ya soya nyingi zina ngano, soseji nyingi zina unga wa ngano, viungo vya mchuzi vya pakti soma lebo kila mara, na beking pauda nayo wengine wanatia wanga wa ngano. Chips za kibandani uliza kama karai hilohilo linakaanga na sambusa.

*Mambo dada, mi ni mwanachuo Dodoma, nimeona mitandaoni watu wanasema ngano ni sumu na maziwa yanaleta chunusi, nikaacha vyote mwezi sasa, tumbo limetulia kweli. Nataka nikapime kama nina siliaki. Na boom linaisha haraka, nipike nini cha bei chee kwenye jiko moja la gesi?*
*Mwanachuo, Dodoma*

Poa mdogo wangu. Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Ngano si sumu kwa mtu ambaye haimdhuru, na kipimo cha siliaki kinatafuta askari wa kinga ambao mwili unawatengeneza kwa sababu ya gluteni, sasa ukiwa umeacha ngano mwezi mzima hao askari wanaweza kuwa wamepungua, kipimo kinatoka safi na wewe ugonjwa unao. Nenda hospitali uwaambie ukweli kwamba umeacha, watakuelekeza, mara nyingi wanataka mtu arudi kula ngano kila siku wiki kama 6 ndo wapime damu, na wakiona dalili wanaangalia utumbo kwa kamera. Ikitoka huna siliaki inawezekana ni maziwa tu yalikuwa yanakusumbua, na hilo ni la kawaida sana kwa watu wazima wa kwetu, basi utakuwa umejirudishia chapati yako bila kuteseka bure. Watu wanaojitibu kwa video wananiumiza roho, kwa kweli.

Chakula cha jiko moja: loweka maharage au choroko usiku ili gesi isiishe, choroko ndo zinaiva haraka zaidi, chemsha sufuria moja ya siku mbili. Siku ya kwanza kula na wali, ya pili yaponde na kitunguu na karoti ule na viazi vitamu. Yai, mchicha na ugali ni chakula kamili. Karanga nunua mbichi sokoni kwa kilo, kaanga, ponda, weka kwenye mchicha au kwenye uji badala ya maziwa. Korosho tamu ila bei yake iache mpaka uajiriwe.

*Assalaam alaykum dada, niko Mombasa, mume wangu kagundulika na siliaki na maziwa pia hayamkubali. Ramadhani yaja na nyumba yetu bila sambusa, mahamri na kaimati haijaitwa futari. Nisaidie.*
*Mama nyumba, Mombasa*

Waalaykum salaam dadangu, Mungu amjaalie afya. Mbona pwani ndo mna raha kuliko wote? Muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, ndizi mbivu za kupika na tui na iliki, viazi vitamu, samaki wa kupaka, pweza wa nazi, mbaazi za nazi, vyote hivyo bibi zetu walipika bila ngano na bila tone la maziwa, tui ndo lilikuwa maziwa yetu. Zile mbaazi mlizozoea na mahamri mpe na vitumbua, au na mkate wa mofa kama kuna anayeoka wa mtama mtupu, muulize kwanza kama hachanganyi ngano.

Sambusa, sitakudanganya, manda ni ngano, hakuna njia rahisi. Badala yake mpe bajia za kunde, loweka kunde, toa maganda, saga nzito na kitunguu saumu, pilipili na dania, piga kwa mkono mpaka zifure kisha kaanga. Viazi karai tumia unga wa dengu uliosagwa na wewe au unaouamini, na katlesi chovya kwenye yai bila chenga za mkate. Bokoboko la ngano mwachie mgeni, lake pika la mchele, upige na mwiko na nyama mpaka ivutike, juu tia mafuta na kitunguu cha kukaanga badala ya samli, manake samli nayo yatoka kwa maziwa. Badala ya kaimati finyanga vipopoo vya unga wa mchele, unga uloweshwe kwa maji ya moto kama nilivyoeleza kwenye chapati, vitokote kwenye tui la iliki na sukari. Na karai lake liingie jikoni kabla ya la sambusa za wengine, mafuta mapya.

*Nina siliaki, mama mkwe anasema huu ni ugonjwa wa wazungu, najidekeza. Nimjibu nini?*
*Mke, Mwanza*

Mjibu kwa heshima, na ukweli huu: watoto wa Sahara Magharibi, Afrika hiihii, walipopimwa zaidi ya asilimia 5 walikutwa nao, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Na uhusiano wa ngano na ugonjwa huu ulionwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa anashuku mkate tangu miaka ya 1930, halafu ikaja njaa ya vita ya 1944 na 1945, mikate ikakosekana, wagonjwa wake wakapata nafuu, mikate iliporudi wakaumwa tena. Hawakujidekeza wale watoto. Mwombe mama mkwe aende na wewe kliniki siku moja, asikie kwa daktari mwenyewe, na mkipika udaga na sato nyumba nzima, masufuria yatakuwa salama na hakuna atakayejiona ametengwa.

*Nina siliaki, bia nimeambiwa niache, na togwa je?*
*Msomaji, Songea*

Bia ya shayiri acha, na vile vinywaji vya kimea vya chupa visivyo na kilevi acha pia, ni shayiri hiyohiyo. Togwa ya nyumbani ni uji wa mahindi na kimea cha ulezi, hiyo kunywa, ila kimea otesha mwenyewe au nunua kwa unayemjua, uulize kasagia wapi.