Re: Programu ya kutunza taarifa za wateja, kituo cha watu wenye ulemavu Moshi

Dada, umeuliza programu ipi iwafae sasa ambapo mafaili ya watoto yamejaa kabati. Kabla ya bei, hakikisha inafanya kazi bila mtandao. Mhudumu akiwa Kibosho migombani anaandika kwenye simu kwamba viatu vya mguu kifundo (nyayo iliyopinda tangu kuzaliwa) vimeanza kumbana mtoto. Akishuka mjini, taarifa zinapanda zenyewe. Programu ya simu iitwayo CommCare inaweza hilo, na inamfuatilia mtu yuleyule ziara hadi ziara. Nyingine, KoboToolbox, ni nyepesi na nzuri, ila nguvu yake iko kwenye madodoso.

La pili nalisisitiza sana: siri za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mkusanyaji anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kila mtumishi awe na nywila yake. Dereva anahitaji anwani na kujua kama kuna kiti mwendo, si ripoti ya daktari.

Muuzaji awaoneshe, mkiwa mmekaa naye, namna ya kutoa taarifa zenu zote kwenda Excel. Akianza kuzungukazunguka, achaneni naye.