Jibu: Vitamini kwa mzee mwenye Parkinson

Dada, umeuliza kama vitamini E itampunguzia baba mtetemeko wa mikono. Pole sana kwa kumuuguza. Pesa hiyo iweke: vitamini E ilijaribiwa Marekani kwa dozi kubwa, matokeo yakatoka mwaka 1993, na haikupunguza kasi ya ugonjwa.

Ninayokuomba uulizie kliniki ni vitamini B12. Wanaotumia levodopa, dawa kuu ya Parkinson, kwa miaka huweza kupungukiwa nayo, na dalili zake (ganzi miguuni, kuyumba, kusahau) watu hudhani ni Parkinson tu imezidi. Mamangu yalimfika hayo. Ganzi ya nyayo tukaisingizia uzee mpaka alipopimwa damu. Kwa hiyo apimwe kwanza, vidonge baadaye.

Vidonge vya madini ya chuma asivimeze pamoja na levodopa, vinaizuia kufyonzwa. Apishanishe kwa saa 2 hivi. Na mbaazi kwa mahamri za asubuhi, najua wazee wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, hawaziachi, zisubiri kidogo: ameze dawa, ipite nusu saa ndipo ale, maana protini hushindana na levodopa. Dawa yenyewe asiiache kwa ajili ya vitamini yoyote, tafadhali.