Siku moja ya skii Lesotho: jinzi acha nyumbani

Dada, hofu yako ya kuvunjika mguu Afriski, kile kituo cha Lesotho cha kuteleza thelujini kwa skii (mbao ndefu za kufunga miguuni), naielewa. Hata mimi nilifika pale sijawahi kukanyaga theluji. Lipia somo la asubuhi kwanza, mteremko mkubwa hautakimbia. Viatu vikubane kifundoni, soksi jozi moja tu: mimi nilivaa mbili, mikunjo ikanichuna ngozi kabla ya saa sita. Jinzi italowa, utaganda. Kupunguza mwendo, kutanisha ncha za mbele za skii, visigino vitanue. Ukishindwa, jiangushe kwa ubavu. Jipake mafuta ya kukinga jua, theluji inaunguza hata sisi weusi. Pale ni zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi: kichwa kikiuma sana na ukitapika, teremka ukamwone daktari. Goti likivimba, usijikaze.