Mzee wa kiti cha magurudumu akishuka meli Mombasa na Zanzibar: anza na maji

Dada, umeuliza kama baba yako, aliyepatwa na kiharusi na sasa anatembea hatua chache tu kwa mkongojo, ataweza kushuka meli ikipita Mombasa siku moja na Zanzibar siku ya pili yake, na mumpeleke wapi. Ataweza. Mimi ni dereva wa watalii hapa Mombasa, nimepokea wageni wa meli bandarini Kilindini miaka mingi, na mamangu mzazi yuko kwenye kiti cha magurudumu mwaka wa nne sasa. Nakwambia mambo niliyoyasukuma kwa mikono yangu.

Wengi huanza kwa kuuliza Fort Jesus, ile ngome yetu ya kale, ina ngazi ngapi. Wewe anza na maji. Kilindini meli hufunga gatini kabisa, na hiyo ni heri kubwa, lakini bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Meli hupanda pamoja na maji, kwa hivyo ngazi mliyoshukia asubuhi sio ile mtakayoikuta mkirudi.

Nilikuwa na mgeni mmoja, mama mtu mzima, asubuhi alishuka akisukumwa na mwanawe huku anacheka. Tuliporudi saa kumi, ngazi imesimama wima utadhani ni ya kuangulia madafu. Mabaharia wanne wakageuza kiti, mgongo ukatangulia, wakampandisha kidato kwa kidato. Amefumba macho, vidole vimeng'ang'ania mkono wa kiti mpaka vimebadilika rangi. Baadaye ndipo tukaambiwa kuna mlango wa chini zaidi ambao ungefunguliwa lau wangejulishwa mapema. Iliniuma sana, maana lilikuwa jambo la kuuliza tu.

Basi waandikieni wenye meli sasa hivi, msingoje kupanda. Waambieni mzee anaweza hatua ngapi, kiti kina uzito gani, kinakunjika au hakikunjiki, na muulize mtarudi kwa mlango upi maji yakijaa. Kama ana kiti cha umeme, kiacheni chumbani mje na cha kukunja. Cha umeme hakiingii buti ya teksi zetu.

Zanzibar ni kazi nyingine. Meli kubwa mara nyingi hutia nanga nje na abiria huletwa kwa boti hadi bandari ya Malindi, ile ya Unguja, sio mji wa Malindi wa Kenya. Kutoka ubavuni mwa meli kuingia kwenye boti inayopanda na kushuka, mzee atatakiwa apige hatua mbili tatu mwenyewe, na bahari ikichafuka nahodha anaweza kukataa watu wa viti kabisa. Ana haki, usigombane naye. Kwa hivyo ziara ya Unguja msiilipie pesa zisizorudi.

Mkifika, vichochoro vya Mji Mkongwe vioneni kidogo tu. Vina mabaraza pande zote mbili, mawe hayako sawa, na pikipiki hupita humo humo. Bustani ya Forodhani, ufukweni, ni tambarare, kuna upepo, na Ngome Kongwe iko ng'ambo ya barabara. Mkunazini, penye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, msimteremshe kwenye vile vyumba vya chini, ngazi zake ni mbaya. Zile sanamu za watumwa waliofungwa minyororo ziko kwenye shimo uani, na ataziona vizuri akiwa juu kwenye kiti chake. Mpeni muda pale.

Mombasa, mimi ningempeleka mahali pawili basi. Asubuhi Haller Park, Bamburi, iliyokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kabla ya kupandwa miti: vijia ni tambarare, kuna kivuli, na kobe wakubwa wako karibu kabisa na mtu aliyeketi. Halafu bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, chini ya mibuyu, mtazame meli zikipita mlangoni mwa bahari. Ndipo ninapompeleka mamangu Jumapili, na njia zake ni pana. Fort Jesus mlango wake una mwinuko mkali wa kupanda. Kama hakuna vijana wawili wa kusukuma, ioneni kwa nje. Ufuo wa Diani uacheni, siku moja haitoshi.

Gari takeni saluni ya kawaida, msikubali basi dogo, kidato chake cha kwanza ni kirefu. Mzee akihamia garini, kiti kiwekwe ili upande wake wenye nguvu ndio uwe karibu na gari, na mfanye mazoezi nyumbani kabla ya safari. Choo amalize melini, kwani vyoo vyenye milango ya kupitisha kiti ni vichache mno huku.

Mpe mzee shikamoo yangu. Ukishapata tarehe kamili ya meli kufika Kilindini, iandike hapa nikuangalizie maji yatakuwaje siku hiyo.